BM-21 katika Vita vya Kagera: lori lililobeba roketi 40 lilifanya kazi gani hasa?

Mleta uzi, Iringa Mjini

Kamwene wanajukwaa. Kila mwaka inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, mazungumzo ya Vita vya Kagera huanza upya katika vijiwe vyetu vya hapa Iringa, na karibu kila mara huishia mahali pamoja: kwamba tulimshinda Idi Amin kwa sababu tulikuwa na "Saba Saba", jina ambalo Waganda waliupa mtambo wetu wa kurusha roketi, BM-21. Nawaheshimu sana wazee wanaosimulia hayo, kwa kuwa wengi wao walitokea JKT Mafinga au mgambo wa vijiji vya Kilolo na Mufindi, na walikanyaga ardhi ya Uganda kwa miguu yao wenyewe. Hata hivyo naona silaha hii inasifiwa kwa jambo ambalo haikuliweza, huku lile ililoliweza likipita bila kutajwa. Naomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu vijana wetu wanaosoma historia wanastahili kupata maelezo yenye uzito kuliko "ilikuwa inatisha".

Nianze na mtambo wenyewe. BM-21, ambao Warusi huuita Grad, uliingia katika Jeshi la Kisovieti mwaka 1963. Uliundwa katika mji wa Tula chini ya mhandisi Alexander Ganichev. Juu ya lori la Ural-375D lenye magurudumu sita yanayovuta yote, wamefunga mabomba 40 ya chuma yaliyopangwa safu nne, kila safu mabomba kumi. Kila bomba lina kipenyo cha milimita 122 na urefu wa mita 3. Roketi moja ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2.9 na uzito wa kilo 66, na ndani ya uzito huo kichwa chenye mlipuko ni kilo 18 na ushei tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni chuma cha mwili na baruti ngumu ya kuisukuma. Roketi zote 40 huondoka ndani ya sekunde 20, moja kila nusu sekunde, na huweza kufika umbali wa kilomita 20.

Mtu atauliza kwa nini jeshi libebe roketi ya kilo 66 ili kupeleka mlipuko wa kilo 18, ilhali ganda la mzinga wa D-30, nao wa milimita 122, pamoja na baruti yake halifikii nusu ya uzito huo. Jibu liko katika kishindo cha nyuma. Mzinga unapofyatuliwa, nguvu ile ile inayosukuma ganda mbele hurudi nyuma kwenye mtutu, na ndiyo maana D-30 ina uzito wa zaidi ya tani 3, ina miguu mitatu ya kuchimbia ardhini, na bado haitoi zaidi ya risasi nane hivi kwa dakika katika mwendo wa kawaida. Roketi hujisukuma yenyewe. Gesi yake hutokea nyuma ya bomba ambako hakuna kitu cha kuizuia, kwa hiyo bomba halibebi mzigo mkubwa, na kwa kuwa halibebi mzigo linaweza kuwa jepesi, na kwa kuwa ni jepesi yanaweza kufungwa 40 juu ya lori moja. Ili mizinga ya D-30 ipeleke makombora 40 mahali pamoja ndani ya sekunde 20, ingehitajika mizinga zaidi ya kumi, pamoja na wapiganaji wake na magari yake ya kuivuta.

Gharama ya faida hiyo ni shabaha. Roketi ya BM-21 hutoka katika bomba ikiwa na mwendo wa takriban mita 50 kwa sekunde, mwendo mdogo sana kwa silaha, na huendelea kuongeza kasi ikiwa tayari iko hewani hadi kufikia karibu mita 690 kwa sekunde. Katika kipindi hicho kifupi ambacho baruti inawaka, upepo wa ubavuni huigeuza pua yake, na msukumo huipeleka huko pua ilikogeukia. Waundaji walijitahidi: ndani ya kila bomba kuna mfuo uliojipinda, na roketi ina kishikizo kidogo kinachopita katika mfuo huo, ili itoke ikiwa tayari inajizungusha. Ikishatoka, mapezi manne yaliyokuwa yamekunjwa mkiani hufunguka, nayo yamewekwa kwa mteremko mdogo ili kuendeleza mzunguko huo. Hata pamoja na ufundi wote huo, roketi zinazoruka kilomita 20 hutawanyika kwa mamia ya mita. Mtambo huu hupiga eneo. Anayetaka kupiga nyumba moja, daraja moja au kifaru kimoja amechagua silaha isiyofaa.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Silaha inayopiga eneo kwa ghafla hufaa dhidi ya askari waliokusanyika, malori yaliyopangana, mizinga iliyo wazi, na hasa dhidi ya mioyo ya watu. Haiwezi kushika kilima wala kuvuka mto, na haiwezi kumtoa mtu aliyejichimbia vizuri. Baada ya sekunde 20 inakuwa lori tupu, na wapiganaji wake huanza kuijaza kwa mikono, roketi baada ya roketi, kazi ya dakika saba au zaidi kama gari la shehena liko karibu. Kama liko mbali, BM-21 haina la kufanya.

Katika Kagera, majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika ardhi yetu yote ya kaskazini mwa mto, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Makombora yetu yalivuka mto kabla ya askari wetu, na Waganda wengi waliokuwa ng'ambo hawakuwa na kitu cha kujibia kwa umbali ule. Hilo ni la kweli na ni kubwa. Lakini ardhi ile ilirudi kuwa yetu pale askari wa miguu walipovuka, na wahandisi wetu walipotandika daraja la muda la chuma ili magari na mizinga ipite. Kuanzia hapo hadi Masaka mwezi Februari 1979, Kampala Aprili 11 na mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni, sehemu kubwa ya jeshi letu ilikwenda kwa miguu. Naomba hilo lisifunikwe na moshi wa roketi.

Mchangiaji, Mafinga

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa malori yanayobeba magogo ya Sao Hill, na swali langu ni la kifundi. Lori lolote lililopakia juu hucheza kwenye springi. Ukiweka mabomba 40 nyuma, kisha ukarusha roketi kila nusu sekunde, chesisi itayumba mbele na nyuma, na roketi ya kumi haiwezi kwenda ilikokwenda ile ya kwanza. Walilitatuaje hilo? Pia ningependa kujua kama Ural hiyo ilikuwa gari la kuaminika kwa barabara za mwaka 1978, maana tunajua hata leo lori jipya linavyoteseka likitoka nje ya lami wakati wa masika.

Mleta uzi, Iringa Mjini

Ndugu fundi, umegusa kiini cha mtambo huu, na nafurahi kwamba swali limetoka kwa mtu mwenye spana mkononi.

BM-21 ya kwenye Ural haina miguu ya kuegemea ardhini wakati wa kurusha. Walichofanya ni kuweka kifaa kinachofunga springi za nyuma, kiasi kwamba mtambo unapokuwa tayari kurusha, ekseli za nyuma na chesisi huwa kama kitu kimoja na mchezo wa springi huondolewa. Ukiongeza ukweli kwamba roketi haina kishindo cha nyuma kama mzinga, mtikisiko unaobaki hutokana zaidi na msuguano wa roketi inapotoka katika bomba na gesi yake kugonga sehemu za jirani. Ndiyo sababu pia hawakuruhusu roketi zote zitoke kwa pamoja. Ile nusu sekunde huipa gari nafasi ya kutulia kidogo, na huiepusha roketi inayofuata na gesi ya iliyotangulia. Bado yumbo dogo hubaki, nalo huongeza mtawanyiko.

Jambo jingine utakalolipenda. Kwa kuwa urefu wa kuwaka kwa baruti ni ule ule kila mara, ukitaka kupiga karibu huwezi kupunguza baruti kama wafanyavyo watu wa mizinga. Unaweza kuinua au kushusha mabomba, lakini kwa masafa mafupi roketi hutawanyika vibaya mno ikienda kwa mshazari mdogo. Basi wao huvisha pete ya chuma kwenye pua ya roketi, ndogo au kubwa kulingana na umbali, ili hewa iizuie. Ni pete ya kuvishwa kwa mkono kabla ya kupakia.

Kuhusu lori: Ural-375D ilitengenezwa mjini Miass, ikiwa na injini ya petroli ya V8 yenye nguvu za farasi 180, na mtu yeyote aliyepandisha mzigo Mlima Kitonga anaelewa maana ya injini ya petroli kwenye gari ambalo pamoja na mtambo na roketi zake hukaribia tani 14. Ilikula mafuta kupita kiasi, na baadaye Warusi wenyewe waliihamishia mitambo hii kwenye Ural-4320 ya dizeli. Kwa upande wa njia mbaya, hata hivyo, gari lile lilikuwa na sifa ambayo madereva wa Mufindi wangeitamani: dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi yote akiwa ameketi kwenye kiti chake. Akifika kwenye tope hupunguza upepo, tairi likatandaza uso wake, gari likapita. Akirudi kwenye ngumu hujaza tena bila utingo kushuka.

Lakini tatizo kubwa la mwaka 1978 lilikuwa shehena. Piga hesabu: roketi 40 za kilo 66 ni kilo 2,640, na hizo huisha ndani ya sekunde 20. Kikosi kamili kwa mpangilio wa Kisovieti kilikuwa na mitambo 18, yaani roketi 720, zaidi ya tani 47 kwa mrusho mmoja. Sisi hatukuwa karibu na wingi huo, lakini kanuni ni ile ile. Shehena ilipaswa kuvuka nchi nzima hadi upande wa pili wa Ziwa Victoria, kwa reli ya kati, kwa meli na kwa barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami, na nchi ikalazimika kuchukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi ili jeshi lifike na lile. Kila mrusho wa BM-21 uliosikika Uganda ulikuwa na dereva nyuma yake aliyekesha barabarani siku kadhaa. Madereva hao hawatajwi Julai 25, na mimi naona ni haki yao kutajwa.

Mchangiaji, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, nadhani unaipunguzia silaha hii hadhi yake. Baba yangu mdogo alipigana Uganda, naye alikuwa akisema kwamba mara nyingi walifika mahali wakakuta adui ameshaondoka, vyakula viko motoni na bunduki zimetupwa, kwa sababu tu ya mlio. Kama silaha inamfanya adui aache nafasi yake kabla hujafika, je, haijashinda vita? Mkuki wa mtu aliyekimbia hauna kazi tena.

Mleta uzi, Iringa Mjini

Marahaba mwanangu, na mpe pole yangu au salamu zangu baba yako mdogo, kwa vyovyote alivyo. Ninayakubali aliyoyaona. Tatizo langu ni kwamba mlio huo huo umewahi kututokea sisi, na kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya niandike ninavyoandika. Nazungumzia Lukaya.

Baada ya Masaka kuanguka, barabara ya kwenda Kampala ilipita katika eneo pana la kinamasi, ambako gari likitoka kwenye tuta la barabara linazama. Machi 10, 1979, Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na askari wengi wapya, ilikuwa imeingia Lukaya. Kutoka upande wa pili ikaja safu ya Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, pamoja na Waganda, wakiwa na vifaru vya T-55, magari ya deraya na mitambo ya roketi. Walifungua shambulio kwa mrusho wa roketi. Roketi zile zilipita juu ya vichwa vya askari wetu na kuanguka nyuma yao, kwa hiyo madhara yake kwa miili ya watu yalikuwa madogo. Hata hivyo askari wale wapya hawakuwa wamewahi kuusikia mlio ule ukija upande wao, na wengi wao walivunja safu na kutimua mbio. Lukaya ikatutoka jioni ile.

Kwa hiyo, mwanangu, mlio ulifanya kazi yake barabara kabisa, hata shabaha ilipokosewa. Kama mlio peke yake ungekuwa ushindi, Walibya wangeirudisha Masaka kesho yake. Hawakuirudisha. Meja Jenerali David Musuguri, aliyekuwa akiongoza Divisheni ya 20, aliigeuza Brigedi ya 208 iliyokuwa mbele zaidi upande wa kaskazini-magharibi, ikatembea usiku ili kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Machi 11 alfajiri, ile ya 201 iliyokuwa imejipanga upya ilishambulia kutoka mbele, na ya 208 ikatokea upande ambao Walibya hawakuutazamia. Walibya zaidi ya 200 waliuawa, na baada ya hapo hakukuwa na nguvu kubwa iliyosimama kati yetu na Kampala. Kilichoshinda Lukaya ni kamanda aliyetulia na askari waliotembea usiku wakiwa na njaa.

Hofu inayoletwa na roketi ina muda wake. Humshika sana asiyeizoea, asiye na handaki, na asiye na afisa anayemwamini karibu naye. Askari wa Amin waliikimbia Saba Saba kwa sababu mambo hayo matatu yaliwakuta kwa pamoja: makamanda wengi walikuwa wa kwanza kuondoka, malipo na chakula vilikuwa vya kubahatisha, na wengi hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya ardhi ya Kagera. Wajerumani wa mwaka 1941 nao walishtushwa na mtambo wa aina hii, pale betri ya Kapteni Ivan Flyorov iliporusha roketi zake za BM-13 katika stesheni ya reli ya Orsha, Julai 14. Walishtuka, lakini walizoea, wakajichimbia, na vita ikaendelea kwa miaka mingine karibu minne.

Hata hapa kwetu tunao ushahidi wa zamani zaidi kuhusu silaha ya mbali na yule anayepaswa kuingia kwa miguu. Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga ngome ya Mkwawa pale Kalenga kwa mizinga, lakini ilibidi askari wao waingie na kupigana nyumba kwa nyumba kabla bendera yao haijapanda. Na Mkwawa mwenyewe alitoka akaendelea kuwasumbua hadi 1898.

Mchangiaji, Uyole, Mbeya

Mwalimu, nina maswali mawili. Kwanza, kama roketi hizi hutawanyika kiasi hicho, ni halali kuzitumia karibu na makazi ya watu? Pili, tunasikia kuhusu HIMARS ya Marekani huko Ukraine ikipiga ghala moja au daraja moja. Je, nayo si lori la roketi kama BM-21? Imekuwaje hii ipige eneo na ile ipige nukta?

Mleta uzi, Iringa Mjini

La kwanza ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote yaliyoandikwa katika uzi huu. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977, katika Mikataba ya Geneva, kifungu cha 51, inakataza mashambulizi yasiyobagua, yakiwemo yale yanayotumia njia ya kupigana isiyoweza kuelekezwa kwenye shabaha mahususi ya kijeshi. Silaha yenyewe haikutajwa kwa jina wala haikupigwa marufuku. Ukiirusha BM-21 kwenye kambi iliyo porini, umepiga kambi. Ukiirusha kwenye kambi iliyo katikati ya mji, umepiga mji, hata kama hesabu zako zilikuwa sahihi na nia yako ilikuwa kambi. Mjini Mariupol, Januari 24, 2015, roketi za aina hii ziliangukia mtaa wenye nyumba za kuishi na soko, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Grozny ilipigwa hivyo hivyo katika vita vya Chechnya. Kwa kichwa cha kilo 18, aliyelala kwenye handaki ana nafasi nzuri ya kupona. Aliyesimama sokoni akichagua nyanya hana. Ndiyo maana napata shida ninaposikia kijana akiisifia silaha hii kwa mlio wake na kwa wingi wa roketi zake, bila kuuliza zinaanguka wapi.

Kuhusu la pili, ndiyo, HIMARS ni lori la roketi, na wazo la msingi ni lile lile: roketi haina kishindo cha nyuma, hivyo gari la magurudumu linatosha. Jina lake rasmi ni M142. Hubeba roketi sita tu za milimita 227, zikiwa ndani ya sanduku moja lililofungwa kiwandani, na gari lina winchi yake ya kuteremsha sanduku tupu na kupandisha lililojaa, kwa hiyo hakuna mtu wa kunyanyua roketi kwa mikono. Tofauti kubwa iko ndani ya roketi yenyewe. Roketi yake yenye uongozi hupokea ishara za setilaiti, ina vifaa vya kupima mwendo na mwelekeo wake, na karibu na pua ina mapezi madogo yanayosogea ili kuirekebisha ikiwa njiani. Upepo ukiisukuma, hujirudisha. Hufika kilomita 70 na zaidi, na huanguka ndani ya mita chache za mahali ilipoelekezwa. Ilipofika Ukraine mwezi Juni 2022, maghala ya risasi ya Warusi yaliyokuwa nyuma ya mstari wa mbele yalianza kulipuka moja baada ya jingine, ikabidi yasogezwe mbali zaidi.

Sasa rudi kwenye hesabu niliyompa fundi wa Mafinga. Jeshi linalorusha roketi 40 ili moja au mbili ziangukie panapotakiwa linahitaji treni ya shehena nyuma yake. Jeshi linalorusha mbili zikaanguka zote mbili panapotakiwa linahitaji lori moja. Bei ya roketi moja ya aina hiyo ni kubwa mno, na nchi nyingi haziwezi kuimudu wala kuuziwa, ndiyo sababu BM-21 na nakala zake bado ziko katika majeshi mengi ya Afrika. Czechoslovakia iliiweka kwenye lori la Tatra lenye magurudumu manane na kuongeza roketi 40 za akiba juu ya gari hilo hilo, ikaitwa RM-70. Wachina nao wana Type 81. Familia ni ile ile.

Niongeze jambo moja linalofanana kwa zote mbili. Mrusho wa roketi huonekana. Usiku ni mwanga mrefu unaopanda mbinguni, mchana ni wingu la vumbi nyuma ya lori, hasa kwenye udongo mkavu kama wa kwetu kuanzia Julai hadi Novemba, na rada za kisasa hufuatilia njia ya roketi nyuma hadi ilikotokea. Kwa hiyo wapiganaji wa mtambo hufundishwa kuwa wameondoka ndani ya dakika mbili baada ya roketi ya mwisho. Wanaweza kurusha wakiwa ndani ya kabini, au wakiwa mbali kiasi cha mita 60 kwa waya, lakini wakichagua waya lazima wakumbuke kwamba watahitaji muda wa kulirudia gari. Hapo tena lori ni nusu ya silaha: lisipowaka mara moja, mtambo wote na watu wake wamo hatarini.

Mchangiaji, Makambako

Mwalimu, wengine tulisoma Kilolo na tunakifahamu Mgagao, mahali palipokuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Je, silaha hizi ziliwahi kuwafikia wapigania uhuru wa kusini, au zilikuwa za majeshi ya serikali peke yake?

Mleta uzi, Iringa Mjini

Ndugu yangu wa Makambako, ziliwafikia kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ni ndogo. Wasovieti walitengeneza bomba moja la milimita 122 linalosimama kwa miguu mitatu, linaloitwa Grad-P, kwa ajili ya Vietnam. Linaweza kufunguliwa vipande na kubebwa na watu wachache porini, na hurusha roketi fupi na nyepesi zaidi ya ile ya lori hadi umbali wa kilomita kumi na ushei. Wapigania uhuru wa chama cha PAIGC walilitumia dhidi ya kambi za Wareno huko Guinea-Bissau. Kwa mpigania uhuru, ambaye hana barabara wala lori na anapaswa kutoweka kabla ya ndege kuja, bomba moja lilikuwa bora kuliko mabomba 40.

Sura ya pili ni ile kamili, na ilitokea Angola. Novemba 10, 1975, siku moja kabla ya uhuru, majeshi ya FNLA, chama cha Holden Roberto, pamoja na askari wa Zaire, wakisaidiwa na mizinga ya Afrika Kusini, yalisonga kuelekea Luanda kupitia Quifangondo. Njia yao ilikuwa barabara moja iliyopita katikati ya kinamasi, kama Lukaya. Wapiganaji wa MPLA, chama hasimu kilichoushika mji wa Luanda, na Wakuba waliokisaidia walikuwa juu ya vilima upande wa pili wa mto Bengo, na BM-21 zao zilikuwa zimewasili siku si nyingi kabla. Safu ile ilipokuwa imenyooka barabarani bila pa kujificha, roketi ziliiangukia. Hapo silaha ya eneo ilikutana na shabaha yake halisi: askari na magari yaliyobanana, bila mahandaki, bila pa kugeuzia. FNLA haikurudi tena kuwa tishio kwa Luanda, na usiku huo huo Agostinho Neto, kiongozi wa MPLA, alitangaza uhuru. Nasisitiza hata hivyo kwamba vilima vile vilishikwa na askari waliojichimbia, na bila wao safu ile ingeweza kuvuka mto.

Afrika Kusini ilijifunza kwa uchungu kwamba mizinga yake ya wakati huo ilizidiwa masafa na BM-21. Katika miaka iliyofuata wahandisi wake waliunda mtambo wao, Valkiri, wenye mabomba 24 ya milimita 127 na masafa ya kilomita 22, wakaufunga kwenye lori dogo la Unimog. Fundi wa Mafinga atalipenda hili: juu ya mabomba waliweka fremu ya kutandikia turubai, ili rubani anayepita juu aone lori la kawaida la kubebea chakula na mablanketi, kwa sababu walijua kwamba adui angeanza kwa kulitafuta lori kabla ya kuzitafuta roketi.